Kinyonga wa Rehema

Jumanne, tarehe 25 Februari 1947, saa moja asubuhi, ukungu ulikuwa umefunika mabonde yote upande wa Lukozi. Hapakuwa na upepo, wala hapakuwa na dalili ya mvua. Kwa wafinyanzi hiyo ilikuwa hali njema, kwa maana ukungu wa namna hiyo hupanda ifikapo saa nne na kuacha jua mpaka jioni.

Zuhura alipanda juu ya kigoda jikoni kwake, akanyoosha mkono hadi kwenye uchaga wa juu ya meko, mahali walipokaushia mbegu za mahindi, akamshusha kinyonga wa udongo. Alimlaza juu ya kitambaa, akamchunguza kama mtu anavyomchunguza mgonjwa. Ncha ya mkia ilikuwa imeporomoka. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Mvua za vuli zilikuwa zimepenya katika nyasi za paa, na unyevu ulikuwa umefanya kazi yake. Masika yalikuwa yamebakiza siku chache.

Hakuhitaji kuambiwa na mtu. Asipomchoma kinyonga huyo sasa, masika yangemrudisha kuwa tope, na alama za vidole zilizokuwa mgongoni mwake zingekwenda pamoja naye. Alama hizo zilikuwa za Rehema, mwanawe wa pekee, aliyefariki Julai iliyopita akiwa na umri wa miaka minane. Hapakuwa na kitu kingine duniani kilichobeba alama ya mkono wa mtoto huyo.

Zuhura alijulikana tangu Lukozi hadi soko la Lushoto kwa ajili ya wanyama wake. Wafinyanzi wengine walipamba vyungu kwa mistari ya gunzi la mahindi. Yeye aliweka viumbe. Mkono wa mtungi wake ulikuwa mkia wa mbega, mrefu, wenye kishungi mwishoni. Kifuniko cha chungu chake kilishikwa kwa kichwa cha hondohondo, na pale juu ya mdomo wa ndege huyo ndipo kidole gumba kilipokaa bila kutafuta. Mke wa Bwana Misitu aliwahi kusimamisha gari sokoni kwa sababu ya chura aliyeketi ukingoni mwa bakuli. Alicheka peke yake, akaondoka na bakuli, na wiki iliyofuata akarudi kumtafuta komba.

Kanuni yake ilikuwa moja. Hakumfinyanga mnyama ambaye hajamtazama mara tatu. Mara ya kwanza, alisema, macho hushangaa. Mara ya pili huhesabu miguu. Mara ya tatu ndipo yanapoona jinsi mnyama anavyoubeba mwili wake. Shimo la udongo lilikuwa chini kidogo ya msitu wa Magamba, na wanyama hawakukosekana. Mbega walipita juu ya miti, manyoya yao meupe yakipepea nyuma kama vazi la mtu mwenye haraka. Zuhura aliwatazama huku mikono yake ikiendelea kukanda, bila kuiangalia.

Rehema alifuatana naye siku zote. Watoto wengi humwogopa kinyonga, na watu wazima wengi humpisha njia. Rehema hakumwogopa. Siku moja ya Juni alimpata dume mwenye vipembe viwili puani, akalivunja tawi alilolishika, akalichomeka ardhini na kuketi mbele yake na donge la udongo.

"Mama, jicho moja linakutazama wewe na jingine linanitazama mimi."

"Basi keti vizuri, asije akakusema kwa wenzake."

Mtoto alifinyanga tangu asubuhi hadi adhuhuri. Alipomaliza alibonyeza kidole gumba mgongoni mwa kinyonga mara sita, alama moja nyuma ya nyingine, ili kuweka magamba. Zuhura aliona kwamba mguu mmoja umekaa vibaya. Akanyoosha mkono.

"Usimguse!"

"Nimrekebishe mguu tu."

"Hapana, mama. Ukimgusa atakuwa wako."

Zuhura alicheka, akaweka mikono nyuma kama askari, akaahidi.

Wiki tano baadaye ikaja surua, na nyuma ya surua kikaja kichomi. Omari, baba wa mtoto, alimbeba mgongoni kwenda hospitali ya Lushoto. Walipofika kwenye mteremko wa mwisho, mzigo ulibadilika mgongoni mwake, na Omari alijua maana yake. Hata hivyo aliendelea kutembea hadi mlangoni mwa hospitali, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Tangu hapo vyungu vya Zuhura vilikuwa vitupu, bila mnyama hata mmoja. Watu waliendelea kuvinunua, kwa maana vilipika vizuri kama zamani. Majirani, kwa kumhurumia, waliacha kumwita Mama Rehema wakaanza kumwita Zuhura. Ni watu wawili tu walioendelea kumwita kwa jina la mtoto: mumewe, na shoga yake Yudith.

Omari aliingia jikoni akiwa na jembe begani. Alimwona kinyonga juu ya kitambaa.

"Ni leo?"

"Ni leo."

"Nitasimama mbali, kule kwenye miti ya miwati. Nitazame moshi tu."

"Mwiko unaujua, Baba Rehema."

Aliujua. Kila mtu aliujua. Mwanamume hakaribii shimo la udongo wala moto wa vyungu, na tangu moto unapowashwa hadi unapolala hakuna anayeita jina la mtu. Mwanamume anayevunja mwiko huo hali tena katika vyombo vya udongo kwa muda wa msimu mmoja. Hupewa kibuyu kilichopasuliwa, akala nje ya mlango kama mpita njia.

"Mimi ndiye niliyembeba," Omari alisema.

"Na mimi ndiye niliyemzaa. Nenda shambani, viazi vinakungoja. Jioni nitamleta, utamshika mwenyewe."

Omari alimtazama kinyonga kwa muda, akatoka.

Haukupita muda, Yudith akafika. Alikuwa mwanamke mnene wa dhehebu la Kilutheri, mwenye kicheko kilichosikika kabla hajaonekana, na mfinyanzi hodari wa mitungi.

"Hodi! Au bado mnasubiri jogoo awaletee chai?"

"Karibu, jogoo mwenyewe umeshafika."

"Hujambo, Mama Rehema?" Yudith aliweka kapu chini, akamwona kinyonga, na sauti yake ikashuka. "Ndiye huyu?"

"Ndiye. Usimshike mgongoni."

Yudith aliupenyeza mkono chini ya tumbo, akampima uzito kiganjani. Uso wake ukawa uso wa kazi.

"Huyu ameshiba. Ndani ni donge tupu, unene wa ngumi yangu."

"Amekaa juu ya moto miezi minane."

"Ngozi imekauka. Tumboni ni Mungu anayejua. Unyevu ukibaki humo, moto ukiukuta, utatafuta mlango, na kama hakuna mlango utajitengenezea. Nakufundisha nini wewe? Mtoboe tumbo kwa msumari, umkombe polepole."

"Nitamtoboa."

"Mtoboe sasa, nikiona."

"Nitamtoboa, Yudith. Tangulia na mitungi. Mama mkwe hapendi kusubiri."

Alipobaki peke yake, Zuhura alimlaza kinyonga chali katika kitambaa, akachukua msumari. Ili kuuzungusha ilimlazimu kumbana kwa mkono wa pili, na mahali pa kumbana palikuwa mgongoni. Alizungusha mara moja, mara mbili, mara kumi. Vumbi la tumboni lilimwagika kidogo. Kisha akaona vumbi jingine, chini, katika kitambaa. Alimgeuza. Alama ya kwanza ya kidole, ile iliyo karibu na shingo, ilikuwa imesagika ukingo. Mistari midogo ya ngozi ya mtoto, ambayo jana angeweza kuihesabu, ilikuwa imelala bapa.

Zuhura aliuweka msumari chini. Tundu lilikuwa na kina cha punje ya haragwe. Kulifikisha kati ya donge kungegharimu alama zote sita. Alikaa akijihesabia mambo aliyoyajua: miezi minane, moshi wa kila siku, jua la Januari. Aliyahesabu kama mtu anayemshawishi mwenzake, na mwisho akashawishika. Akamsimamisha kinyonga kwa miguu yake, akamfunika.

Mahali pa kuchomea palikuwa katika bonde dogo, nyuma ya magugu marefu. Bi Fatuma, mama yake Omari na mkubwa wa wafinyanzi wote wa shimo lile, alikuwa ameshapanga kuni za chini. Zuhura alimwamkia, akamsaidia kupanga vyungu. Yudith alimjia na kumnong'oneza.

"Umemtoboa?"

Zuhura alimwinua kinyonga, akaonyesha tumbo. Tundu lilionekana, la duara, jeusi. Hakuna jicho ambalo lingeweza kupima kina chake.

"Nimemtoboa."

"Afadhali. Sasa roho yangu imetulia."

Walimweka ndani ya chungu kikubwa, juu ya majivu, wakamzungushia vigae ili moto usimfikie ghafla. Juu yake wakapanga mitungi, kisha magome, kisha nyasi kavu.

"Yudith," alisema Bi Fatuma akishika kijinga cha moto, "funga mdomo huo kabla sijawasha. Usije ukachomeka pamoja na vyungu."

"Huu ulishaiva zamani, bibi. Hata ukichomwa tena hauvunjiki."

Bi Fatuma alijizuia kucheka, akawasha. Ilikuwa saa nne na nusu, na ukungu ulikuwa umeshapanda. Kuanzia hapo hakuna aliyesema neno.

Moto ulikwenda vizuri. Ulianza chini, ukajitambaza, ukapanda bila pupa. Zuhura aliketi na mikono magotini. Juu msituni hondohondo walipita wakipiga makelele, na kwa mara ya kwanza tangu Julai aliinua kichwa kuwatazama. Aliona jinsi wa nyuma alivyoinamisha shingo ili kuubeba mdomo wake. Akawaza kwamba shingo hiyo angeweza kuifinyanga. Ilipita nusu saa, kisha saa nzima. Akaanza kuamini.

Ndipo magugu yalipotikisika, na Omari akatokea. Alikuwa na mzigo wa magome ya miwati kichwani. Alikuwa amelima mistari miwili, akashindwa. Akajiambia kwamba wanawake wangepungukiwa magome, akayabandua, akayafunga, akaja. Sasa alisimama hatua kumi kutoka kwenye moto, jasho likimtiririka, akamtafuta mkewe kwa macho.

"Mama Rehema," aliita kwa sauti ndogo. "Nimeleta magome."

Kabla hajafunga mdomo, kitu kililipuka ndani ya moto. Ta! Kimya kifupi. Kisha mlio mwingine, na mwingine, na moto ukazama upande mmoja.

Zuhura aliujua mlio huo. Haukuwa wa chungu kinachopata ufa. Ulikuwa wa donge zito linalofumuka, nao ulitoka ndani ya chungu kikubwa.

"Omari!" Bi Fatuma alisimama. "Umefanya nini? Wewe, mwanangu mwenyewe?"

Mzigo ulianguka. "Ni mimi? Mama, ni mimi?"

"Ni nani mwingine aliyekuja hapa na suruali? Umekuja penye moto, na jina umeita. Tena jina hilo!"

Yudith alikuwa analia waziwazi. "Alikuwa ametobolewa. Tundu nimeliona kwa macho yangu. Hakuwa na sababu ya kupasuka. Hakuwa na sababu yoyote."

Omari alimgeukia mkewe. Zuhura alifungua kinywa. Wote watatu walimtazama, wakingoja. Akakifunga.

Saa tisa majivu yalipoa. Chungu kikubwa kilikuwa kimepasuka kitako. Ndani yake mlikuwa na vigae vidogo, kipembe kimoja, na kipande cha mgongo chenye ukubwa wa kifungo cha koti. Juu ya kipande hicho ilikuwapo alama moja ya kidole, nzima, imeiva, nyekundu. Zuhura alikifunga kipande hicho katika pindo la kanga yake. Vigae vingine alivitia kapuni.

Jioni hiyo hiyo Bi Fatuma alimletea mwanawe kibuyu kilichopasuliwa. Hakusema neno la ukali. Alikiweka kizingitini, akaondoka akijifuta macho kwa upande wa mkono. Omari alikipokea kwa mikono miwili.

"Ni haki," alimwambia Zuhura. "Mtoto alifia mgongoni mwangu, na kinyonga wake amefia mdomoni mwangu."

Zuhura aligeukia meko, akakoroga chungu kisichohitaji kukorogwa.

Siku zilizofuata zilikuwa na utaratibu. Asubuhi Omari alikwenda shambani. Jioni alirudi, akanawa, akaketi nje ya mlango. Zuhura alimpakulia katika kibuyu, naye alikula akiwa ameupa ukuta mgongo. Wapita njia walimsalimu bila kusimama. Hakulalamika hata mara moja. Alianza kusema polepole kuliko zamani, na kabla ya kumwita mtu yeyote alisita kidogo, kana kwamba anaogopa sauti yake itavunja kitu.

Ni huko kusita kulikomshinda Zuhura. Jumatano, tarehe 5 Machi, mvua ya kwanza ya masika ilinyesha saa kumi na mbili jioni. Omari alikuwa amekaa chini ya ukingo wa paa, na matone yalikuwa yanaingia katika kibuyu chake.

"Ingia ndani. Unanyeshewa."

"Msimu haujaisha."

Zuhura alitoka, akaketi kando yake katika mvua.

"Sikumtoboa," alisema.

Omari aliacha kutafuna.

"Lile tundu lilikuwa na kina cha punje ya haragwe. Nilipombana ili nilizungushe, alama za mtoto zilianza kusagika. Nikaacha. Nilimdanganya Yudith. Wewe hukumvunja. Hata ungekuwa Tanga siku ile, angepasuka."

Mvua iliendelea. Omari aliweka kibuyu chini.

"Yudith alikuonya?"

"Alinionya."

"Nawe ulijua?"

"Nilijua. Vyungu nimevichoma tangu nikiwa msichana. Nilijua, nikatumaini."

"Kuhusu kutumaini sikulaumu. Hata mimi nilitembea naye hadi hospitalini." Akakitazama kibuyu. "Lakini siku nane umenitazama nikila nje."

"Ndiyo."

"Ungeniambia siku ile ile. Kabla sijaamini."

Zuhura alifungua pindo la kanga, akampa kile kipande cha mgongo. Omari alikiweka kiganjani, akajaribu kuweka kidole gumba chake juu ya alama ya mtoto. Kidole kilikuwa kikubwa mno. Kiliifunika alama yote, hata isionekane. Akakiondoa haraka.

Kesho yake asubuhi Zuhura alikwenda kwa Bi Fatuma, akamkuta Yudith hapo, akawaeleza wote wawili kama alivyomweleza mumewe, bila kuongeza wala kupunguza.

Bi Fatuma alimfutia mwanawe adhabu siku hiyo hiyo, akampelekea bakuli la udongo kwa mikono yake. Zuhura naye alipigwa marufuku kukanyaga shimoni mpaka mvua za vuli, kwa kosa la kusema uongo penye moto. Kisha Bi Fatuma akamtaka alete vigae vya kinyonga, kwa kuwa wafinyanzi hawatupi vigae.

Yudith hakuzungumza naye kwa Jumapili mbili. Jumapili ya tatu, baada ya ibada, alivitwanga vigae hivyo vikawa unga, akauchanganya na udongo mbichi, kama wanavyofanya siku zote ili chombo kisipasuke. Alifinyanga mtungi mmoja, usio na mnyama, kwa sababu wanyama hakuwaweza. Ulipoiva aliuleta, akautua jikoni, akasema, "Mama Rehema, huu ni wenu," akaenda zake.

Omari alikula katika bakuli la udongo siku tatu. Siku ya nne alichukua tena kibuyu, ila safari hii aliketi ndani. "Jina niliita kweli," alisema. Kipande cha mgongo alikitia katika mfuko wa koti la shambani, na viazi alivipanda kwa wakati.

Zuhura alikwenda ukingoni mwa msitu mara tatu, akaketi mbele ya kichaka cha kinyonga mwenye vipembe viwili. Mara ya kwanza alilia. Mara ya pili alihesabu miguu. Mara ya tatu, mwishoni mwa Aprili, aliona jinsi mnyama yule anavyoubeba mwili wake, akiyumbisha mguu hewani kwa muda mrefu kabla hajauweka mahali. Zuhura alikuwa amepakata mikono mitupu, kwa kuwa udongo ulikuwa bado umekatazwa kwake. Mawingu yalipokusanyika alirudi nyumbani, akachota maji kwa mtungi wa Yudith, akapika.